Nyongeza ya Mama Dufie

Jamani, niacheni niseme mimi, kwa sababu nilikuwepo, na wale wanaosimulia habari za Mama Dufie pale stendi ya malori hawakuwepo hata mmoja. Wanasema eti alimtukana malkia wa kunde. Thubutu! Hakumtukana. Alifanya jambo zito kuliko tusi, na nitawaambia lilivyokuwa.

Afia Dufie anauza kunde katika soko la Techiman, na mimi, Kyeraa, nauza vitunguu kiti cha pili kutoka kwake, tangu wote wawili tukiwa na viuno vyembamba. Mwanamke mrefu, mweusi tii, sauti yake inavuka safu tatu za viazi vikuu bila yeye kusimama. Wakati wa Apoo, zile siku ambazo mji mzima una ruhusa ya kumwimbia mkubwa maovu yake usoni, watu huja kumsikiliza Dufie kwanza halafu ndio waende kwa chifu. Lakini mkono wake, loo, mkono wake ni wa heshima. Ukimwona anapima kunde unatamani kununua hata kama nyumbani zimejaa. Anachota, anamimina kopo mpaka linafanya kilima, kunde zinaporomoka pembeni, halafu anachota tena konzi na kukutupia juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Muuzaji asiyetoa nyongeza hapa kwetu anaitwa mchawi, na hata wanawe hawaolewi vizuri.

Kuna jingine. Kipimo kikishaanza hakikatizwi. Ukiwa na kopo nusu mkononi, hata nyumba yako iungue, unamalizia. Kumwachia mteja kipimo nusu ni kumwambia riziki yake iishie hapo, na kwa mkubwa ndiyo kabisa, ni kama kumpiga kofi. Hatufundishwi, tunazaliwa nalo.

Basi, Dufie akapata sukari. Mimi nilikuwa nayo zamani, nikampokea kama mgeni wa chama. “Karibu,” nikamwambia, “chama hiki hakina mchango ila vidole vyako.” Akacheka. Vidonge vikashindwa, akaanzishiwa sindano za insulini, akajifunza kujichoma mwenyewe tumboni bila kukunja uso. Mimi mpaka leo nafumba macho.

Siku moja, soko limefurika, nikasikia kopo linagonga sakafu. Nageuka, Dufie yuko chini, kunde zimemwagika kichwani kwake, jasho linamtoka kama ametolewa mtoni. Sukari ilikuwa imeshuka. Alijichoma asubuhi, uji haukunywewa, wateja wakamzonga, mwili ukaishiwa nguvu. Tukambeba. Alipona, mshukuru Mungu, lakini binti yake hakupona.

Binti yake ni Abrafi, fundi cherehani hodari, ana mdomo uleule wa mama yake. Tangu siku ile akafunika cherehani kitambaa na kuwa askari. Anamchoma sindano mama yake. Anampikia ndizi mbichi na mchuzi wa majani ya magimbi, anampimia kwa kijiko. Kabati la chakula analifunga na ufunguo anautia kwenye sidiria. Dufie akitaka kwenda chooni anaulizwa anakwenda wapi.

“Kyeraa,” Dufie aliniambia nilipokwenda kumtazama, “mimi sasa ni kuku wa Krismasi. Nalishwa vizuri, nafungiwa, na sijui nangojea nini.”

“Rudi sokoni.”

“Abrafi amesema nikitia mguu sokoni yeye anatia mguu kaburini. Amesema mpaka Nesi Asabea aseme kwa kinywa chake kwamba naweza kujitunza.”

Na kiti kinangoja? Hakingoji! Kila zao sokoni lina malkia wake: malkia wa nyanya, malkia wa viazi, malkia wa kunde. Wa kunde ni Nana Boatemaa, mama mkubwa, mzito, haongei mara mbili. Akapita kwenye kiti cha Dufie, akakitazama, akasema mbele yangu: “Apoo ikifika na hiki bado kitupu, nampa mwingine. Watu wanaomba kila siku.” Na Apoo ilikuwa inabisha hodi.

Nilitaka kupasuka. Kiti kile alikirithi kwa mama yake! Mwanamke huyo bila soko angekauka kama jani, mbele ya macho yetu, huku binti anamwekea maharage manne kwenye sahani.

Sasa Nesi Asabea. Kliniki yetu ya sukari inaendeshwa na huyo binti, mwembamba, mcheshi, ana haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Alikuwa na wazo lake na lilimnyima usingizi. Alisema dawa tunazo, mafundisho tunayo, lakini hajui kama sisi wenyewe tunaamini tunaweza. Kujua ni kitu kimoja, alisema, na kujiamini kwamba utakifanya ukiwa peke yako ni kingine, na mtu asiyejiamini haanzi hata kujaribu. Kwa hiyo anataka kutupima hiyo imani. Akatuuliza mmoja mmoja: toka sifuri mpaka kumi, una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kula kwa wakati? Kukagua miguu yako? Kujichoma?

“Kumi,” nikasema.

“Na kukataa sahani ya pili ya fufu msibani?”

“Kumi!”

Mama zangu, ningesema nini? Binti wa watu ameniuliza vizuri, anatabasamu, nimpunguzie nambari? Chumba kizima kilisema kumi. Yule mzee fundi viatu, ambaye sukari yake hupanda mpaka mashine inakataa kuisoma, alisema kumi na moja.

Nesi hakukata tamaa. Kliniki iliyofuata akaja na vikombe vya plastiki na mfuko wa kunde. Akasema tusahau nambari. Kila kikombe ni jambo moja, na sisi tutie kunde kiasi cha uhakika wetu. Huna uhakika, usitie kitu. Unao wote, jaza.

Siku hiyo Dufie alikuwepo, na Abrafi amesimama mlangoni na mkoba begani, amekunja mikono. Dufie alikuwa ameninong'oneza njiani: “Leo ndiyo leo, Kyeraa. Nikijaza vikombe hivi, Nesi atasema neno, na mimi keshokutwa niko kwenye kiti changu.” Macho yake yalikuwa yanawaka.

Tukaanza. Sisi karibu wote wa sokoni. Nesi aliposema “jaza”, lo! Zilichotwa kunde! Kila mtu akajaza kikombe, akafanya kilima, halafu akatupa konzi juu. Kunde zikaviringika mezani, zikaruka sakafuni, zikaingia chini ya kabati la dawa. Mfuko ukaisha hata wengine hawajafikiwa. Dufie ndiye aliyetia fora: vikombe vyake havikuonekana, ulikuwa mlima mmoja tu.

Nesi Asabea mwanzoni alifurahi mpaka akashika mashavu. Kisha akatazama ule mlima. Akatazama karatasi za damu zetu. Akatutazama sisi. Taratibu uso ukambadilika, na akaanza kucheka, cheko lile la mtu aliyeibiwa mchana kweupe na mwizi anayempenda.

“Mnaniuzia!” akapiga kelele. “Ninyi mama mnaniuzia kunde! Hii ni nyongeza! Mama yangu anauza mchele Kintampo, nimekulia chini ya meza yake, halafu mnanifanyia hivi mimi?”

Tulicheka jamani. Yule mzee wa viatu alidondoka kutoka kwenye benchi. Na kweli, hakuna hata mmoja wetu aliyedanganya kwa kukusudia. Umempa mwanamke wa Techiman kunde na kikombe, umesimama mbele yake kama mteja, ulitaka afanye nini? Apime bapa? Aonekane bahili?

“Haya,” Nesi akasema, akapandisha mikono ya nguo. “Sasa ninyi ni wanunuzi. Muuzaji ni mimi, tena mimi ni mwizi mashuhuri, kopo langu limebonyezwa kitako. Mama Dufie, njoo. Nakuuzia maneno haya: Dufie anaweza kujichoma sindano mwenyewe. Kikombe hicho, kimejaa. Kikague. Kile ambacho usingekilipia, mwaga.”

Weee! Hapo mambo yakabadilika. Dufie akakishika kikombe kama anavyoshika kopo la mtu asiyemwamini. Akakitikisa kunde zikae. Akapitisha kiganja juu, nyongeza yote ikaanguka. Akachungulia chini. Akakirudisha mezani kimejaa bapa, hakupunguza hata moja.

“Hicho nanunua,” akasema.

“Dufie anaweza kukagua miguu yake kila jioni.”

Akamwaga kidogo. “Jioni nyingine nachoka.”

“Dufie anaweza kula kwa wakati hata siku ya soko.”

Akamwaga nusu, akanitazama mimi kama vile kosa ni langu.

“Na hiki cha mwisho,” Nesi akasema. “Dufie anaweza kujua sukari inashuka, akaacha kazi palepale na kunywa kitu kitamu.”

Dufie alikishika kile kikombe. Nilijua anachowaza, nilikuwa namsoma kama mwanangu: Abrafi yupo mlangoni. Kiti kiko hatarini. Akikiacha kimejaa, anakwenda sokoni. Mimi nilikuwa namwomba kimoyomoyo, kiache, mwanamke wewe, kiache hivyohivyo, nani atajua!

Akakipindua. Kunde zote zikamwagika mezani. Zilibaki mbili tatu zilizonasa kwenye kitako.

“Umeona, Nesi?” Abrafi akaruka. “Nilisema mimi! Hawezi hata kujua inaposhuka!”

“Najua!” Dufie akafoka, na sauti ilitikisa vioo. “Najua vizuri inaposhuka, mtoto wewe! Siku ile nilihisi. Mikono ilianza kutetemeka, midomo ikafa ganzi, nikajua ni yenyewe. Soda ilikuwa chini ya kiti changu.”

“Sasa mbona hukunywa?”

“Kopo lilikuwa nusu, Abrafi. Mteja amesimama. Ningeachaje kipimo katikati?”

Nakuambieni, sisi wote wa sokoni mle ndani tulijua kabisa kwamba hata sisi tungeanguka kuliko kukatiza. Miezi yote ile Abrafi alidhani mama yake ni mtu asiyejua hatari ikija. Kumbe mama alikuwa anaanguka kwa adabu.

Nesi Asabea alipiga meza kwa kiganja, macho yanang'aa. “Basi! Sasa nimepima kitu! Sindano tuiache, miguu tutazungumza, lakini hiki kikombe tunakianza leo leo. Kyeraa, simama. Wewe ni mteja.”

“Mteja wa namna gani?”

“Mbaya.”

Mungu anisamehe, niliifurahia kazi ile. Nilishika kiuno nikadai kunde. Dufie akaanza kupima, na Nesi akasema kwa sauti, “Mikono inatetemeka.” Dufie akamalizia kopo.

“Umekufa,” Nesi akasema. “Tena.”

Akapima tena. Mikono inatetemeka. Akaharakisha ili amalize. “Umekufa tena.” Yule mzee wa viatu akasema atanunua sanda. Tukarudia mpaka Dufie akaanza kulia kwa hasira, na nilipomwona analia nikataka kuacha, lakini Nesi akanikonyeza niendelee. Nikamwimbia matusi yote ya Apoo niliyojaliwa. Na yeye, katikati ya kopo, akaliweka chini, paa!

“Subiri,” akasema.

“Nisubiri? Mimi? Unajua mimi ni nani?”

“Hata ungekuwa nani. Sukari yangu inashuka. Nitakumalizia.”

Akakaa. Chumba kililipuka kwa makofi. Nesi akamrudishia kile kikombe, safari hii kimejaa, na kumwambia akague. Dufie akamwaga, lakini si yote. Karibu nusu ikabaki. Wiki iliyofuata akamwaga kidogo tu, na baadaye kidogo zaidi, huku Apoo inatukaribia na mimi sina kucha za kutafuna.

“Hii ya hapa ni mchezo,” Abrafi alisema. “Kyeraa si mteja. Kyeraa ni Kyeraa.”

Hapo alisema kweli, na Nesi akakubali. Wakaelewana: siku moja ya soko. Dufie atakaa kwenye kiti chake, Abrafi atakaa nyuma ya magunia yangu ya vitunguu asionekane na asiseme neno. Ikitokea sukari ikashuka na mama akashindwa kusimamisha mkono wake, anarudi nyumbani na habari ya soko inakwisha. Dufie akasema sawa. Alisema haraka mno, nikajua anaogopa.

Siku ilipofika, mji mzima ulikuwa sokoni, malori yametoka hata Burkina, watu wanapigana vikumbo. Dufie amevaa kitenge chake cha bluu, sauti imerudi, anaita wateja kwa majina ya baba zao. Alikula asubuhi, nilimwona kwa macho yangu. Lakini alikuwa ameshinda akibeba magunia kwa furaha, mtu aliyefungiwa miezi akafunguliwa, na hakuna aliyefikiria kwamba kazi nayo inaishusha sukari.

Halafu nani anatokea? Nana Boatemaa mwenyewe! Malkia wa kunde, na wanawake wake nyuma, taratibu, watu wanampisha.

“Nasikia kiti kina mtu,” akasema. “Nipimie.”

Dufie akachota. Kopo moja, kilima juu. La pili, kilima. La tatu lilipofika katikati nikaona vidole vyake. Vinacheza. Jasho juu ya mdomo. Nyuma yangu Abrafi akainuka. Nikamvuta kitenge, nikamkalisha juu ya vitunguu kwa nguvu.

“Niachie!”

“Kaa! Ukienda sasa umemuua ukiwa umemwokoa. Kaa!”

Dufie alikuwa anamtazama Nana. Nana alikuwa anatazama kopo. Mkono ukaenda kwenye gunia, ukachota, ukarudi, ukasimama juu ya kopo. Sijui ulisimama hapo kwa muda gani, mimi niliona ni mwaka. Kisha Dufie akazirudisha kunde guniani na kuliweka kopo chini, nusu.

“Subiri, Nana.”

Soko letu halijawahi kunyamaza, hata chifu akipita. Upande ule ulinyamaza.

“Dufie,” Nana akasema polepole. “Umekatiza kipimo changu?”

“Nimekikatiza, Nana. Sukari yangu inashuka. Nikimaliza kujihudumia nitakuhudumia.”

Akakaa. Akatoa soda chini ya kiti, mikono inatetemeka mpaka kizibo kikamshinda, akakifungua kwa meno, akanywa. Hakumtazama mtu. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Abrafi kama mtu anayezuia mbuzi.

Nana Boatemaa aliangalia huku na huku. Wanawake wake walikuwa wanangoja aseme neno wamrukie Dufie. Lakini malkia akasukuma gunia kwa mguu, akajishusha juu yake taratibu, akapanga kitenge chake, akangoja. Akikaa Nana, nani atasema? Wote wakangoja.

Jasho likakauka. Dufie akajichoma kidole, akatazama mashine, akangoja tena, akala kipande cha kiazi kikuu bila haraka yoyote. Kisha akainuka, akanyanyua kopo, akalijaza, akaweka kilima, akatupa konzi juu. Halafu akatupa ya pili.

“Hii ya nini?” Nana akauliza.

“Ya kunisubiri.”

Nana akacheka! Mimi sijawahi kumwona meno. Akainuka, akawaambia wale wanawake wake kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye nyanya: “Yule aliyeomba kiti hiki mwambieni akatafute kwingine.” Akaenda zake.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Soko zima likashangilia bila kujua linashangilia nini. Nikamwachia Abrafi, naye akatoka nyuma ya magunia, maganda ya vitunguu yamemganda nguoni, macho mekundu, na nisiseme ni ya vitunguu. Akasimama mbele ya kiti cha mama yake kama mtu aliyesahau alichotumwa.

“Mama,” akasema. “Basi mimi niende?”

“Uende wapi?”

“Nikafungue cherehani. Nina nguo za watu tangu mwaka jana.”

Dufie alimtazama mtoto wake. Nadhani ndipo alipoona kwamba hakufungwa peke yake katika nyumba ile.

“Nenda,” akasema. “Nenda kashone, mwanangu. Na usinipikie, nitapika mwenyewe!”

Abrafi akaenda. Alifika kwenye viazi vikuu bila kugeuka, na pale alipogeuka lori likapita katikati, hatukumwona tena. Dufie akachukua kopo kumpimia mteja, na nikaona mikono yake inatetemeka upya, vibaya kuliko mwanzo. Niliruka na soda mkononi, roho imenitoka.

“Rudisha, Kyeraa,” akasema, machozi yanamtiririka, na hakuacha kupima. “Hii si sukari.”